Kitanda cha Pili cha Bofa

Kabla sijafumbua macho nilisikia mchi. Tu, tu, tu, kisha kimya kifupi, mkono ukipeperusha maganda, kisha tena tu, tu, tu. Nilikuwa ningali kitandani katika chumba cha uani, dirisha halijapata hata rangi, na masikio yakanipasha habari zote: iliki ile ni ya mahamri, mahamri yale ni ya wateja, na mwenye mchi ni mama, ambaye jana yake, siku ya Idi, alisimama juu ya masufuria ya biriani tangu alfajiri mpaka miguu ikamvimba.

Nilimkuta jikoni, kanga kiunoni, unga umeshamfika kwenye viwiko. Nikamwambia leo angepumzika.

"Nimepumzika jana."

"Jana ulipika, mama."

"Nilikaa kitako wakati wa kuchambua mchele," akasema, na kwa sauti yake nilijua kwamba hakuwa akifanya mzaha. Aliihesabu ile kuwa mapumziko.

Tangu baba atutoke, mama amekuwa akiuza mahamri na mbaazi za nazi mlangoni petu, katika mitaa ya zamani ya Malindi. Watu huja asubuhi na mabakuli yao, wengine usingizi haujawatoka, wanagonga kidogo tu na kucha, naye huwajua kwa mlio wa kucha zao. Huyu hataki mchuzi mwingi. Yule mumewe hali sukari, mchagulie madogo. Mlango ule ulipata kufungwa kwa msiba na kwa mvua kubwa, lakini kwa uchovu haukufungwa hata mara moja, wala sikuwahi kumsikia mama akilitamka neno hilo isipokuwa kwa habari ya punda.

Asubuhi ile niliazimia kumpeleka mama kupumzika. Kitabu changu cha kwanza kilikuwa kimetoka, kimeleta kitu kidogo, nami sikutaka kitu kile kiishe kwa kununua saruji na kulipa umeme kama kinavyoisha cha watu wote. Nilitaka kiishe kwa furaha. Nilipomwambia, alicheka mpaka akajipaka unga shavuni.

"Likizo ni ya wanafunzi na watu wa serikali," akasema. "Mimi niende likizo, nitoke wapi?"

Nilielewa baadaye kwamba hakuwa akikataa. Hakujua tu jambo lile linaingilia mlango gani. Safari zote za mama zilikuwa na majina. Alikwenda Mombasa arusini. Alikwenda Lamu matangani. Alikwenda Mambrui kumkalia binti ya dada yake siku arubaini za uzazi, akarudi amekonda kuliko mzazi mwenyewe. Kokote alikokwenda alipelekwa na shughuli, na akifika tu hukabidhiwa kisu na gunia la vitunguu. Hakuwahi kulala mahali ambako hakuna kitu kinachomngojea kufanywa.

Basi nikaanza kupanga, na hapo ndipo nilipojitia matatani.

Nilidhani kupanga mapumziko ni kama kupanga riwaya: unakusanya kila kitu, kisha unaona. Nikakusanya. Nikafungua picha za vyumba katika simu mpaka macho yakaniwasha. Vyumba vya Watamu, vya Kilifi, vya Lamu, vitanda vyeupe vyenye maua ya mjasimini yaliyotawanywa juu yake kana kwamba kila mgeni ni bi arusi. Nikawauliza wenzangu waandishi, nao kila mmoja alikuwa na pepo yake mfukoni. Mmoja aliniapia Lamu. Mwingine alisema tungoje kaskazi, kwani kusi hujaza mwani ufukweni. Wa tatu akanitumia ujumbe mrefu kuhusu kasa na jinsi wanavyotaga. Ndugu yangu wa Mombasa alipopata habari alifurahi sana, akasema angekuja na mkewe na watoto wote, na kama kuna nafasi, mama mkwe wake naye hajatoka siku nyingi. Dada yangu akauliza kama tumefikiria Zanzibar. Katika wiki moja safari ya mtu mmoja aliyechoka ilikuwa imenenepa ikawa ya basi zima, na kwa hesabu yoyote niliyoifikiria, mpishi wa basi lile alikuwa mama.

Nilikonda. Nilikuwa nikimwandalia mtu raha na mimi mwenyewe nimepoteza hamu ya kula. Alasiri moja nilikaa kwenye ngazi za uani, simu imepata moto mkononi, naye mama yuko juu ya mbuzi akikuna nazi. Nazi ilikuwa ikianguka bakulini, nyeupe, polepole. Nikaizima simu. Nikamuuliza kitu ambacho, kwa akili zangu zote, sikuwa nimemuuliza.

"Mama, ukienda, unataka nini? Nambie kimoja tu."

Aliigeuza nazi, akakuna upande wa pili mpaka kifuu kikaanza kulia, akakiweka chini.

"Nataka kula chakula ambacho sijui kimetiwa nini," akasema.

Alinitazama kwa haya kidogo, kama mtu aliyeomba kitu cha ghali. Akaendelea, sasa kwa upesi, akinieleza kwamba miaka yote hii kila tonge analolitia mdomoni analijua tangu lilipokuwa kwenye kikapu. Anajua chumvi ilitiwa lini, anajua nyanya ipi ilikuwa imebonyea. Hata arusini, akikaa kula, ulimi wake unafanya kazi: hapa bizari imezidi, hapa tui limekatika. Angependa mara moja tu akae, mtu ambaye si binti yake wala mkwe wake amletee sahani, naye ale kama mtoto, asijue.

Sijui kama niliwahi kuandika sentensi nzuri kama ile. Najua tu kwamba iliniondolea mzigo wote kwa mpigo mmoja. Nilichukua kila kitu nilichokuwa nimekikusanya nikakipitisha kwenye tundu lile dogo. Zanzibar? Kuna shughuli ya usafiri, na watu wengi; haikupita. Kasa? Mama hana ugomvi nao, lakini hawapiki. Mwani ufukweni? Mwani hauhusiki na sahani. Ndugu yangu na mama mkwe wake niliwaambia, kwa adabu zote, kwamba zamu yao itakuja. Usiku huo nililala mapema.

Kilichobaki kilikuwa nyumba ndogo ya kukodi huko Bofa, karibu na mji wa Kilifi. Chumba kimoja, vitanda viwili, baraza inayotazama bahari, na mpishi. Mpishi ndiye aliyenivutia. Nilipopiga simu alipokea yeye mwenyewe, mama mtu mzima kutoka Adu, ndani huko Magarini kwenye mashamba, Kiswahili chake kikitembea kwa mwendo wa Kigiriama. Nilimweleza kwamba mgeni wangu asiulizwe atakula nini, wala asiruhusiwe kuingia jikoni. Akaniuliza kama mgeni ni mgonjwa. Nikasema ni mpishi. Akacheka kicheko kirefu, akasema ameelewa, ataufunga mlango wa jiko kwa komeo.

Siku nne, mimi na mama. Nikahisi nimeshinda.

Kosa langu lilikuwa begi.

Mama ana begi moja la safari, la buluu, lenye kukaa juu ya kabati. Kwa kuwa lilikuwa limeshika harufu ya dawa ya nondo, nililishusha nikaliweka ukutani uani lipigwe jua, mdomo wazi. Ukuta wetu ni mfupi. Ningekuwa na akili ningekumbuka kwamba mtaa mzima unalijua begi lile, na unajua linatoka kwa ajili gani: likitoka bila taarifa, ni msiba.

Haikupita saa, jirani yetu wa kwanza aliingia na buibui lake jeusi, uso umemwanguka, akamkumbatia mama bila neno na kumpa makiwa. Nyuma yake akaja mwingine na kilo za sukari. Wa tatu alikuja na beseni na kisu, tayari kwa vitunguu. Nilitoka mlangoni nikawakuta vijana wawili wa msikitini wanauliza mikeka itandikwe upande gani. Mama alikuwa amekaa katikati ya kumbatio la watu, mikono imemlegea, akiulizwa kwa upole ni nani aliyetangulia.

"Hajafa mtu," akasema. "Nakwenda kupumzika."

Jirani wa kwanza akamshika mkono.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi nani amejifungua?"

"Hajajifungua mtu. Nakwenda tu. Nitakaa, kisha nitarudi."

Wanawake wale walitazamana. Yule wa beseni akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua, kwamba akishafika huko akakaa, itakuwaje. Mama akasema hata yeye hajui. Hapo kicheko kikamtoka mmoja, kikamshika wa pili, na mara uani kwetu palikuwa na vicheko vingi kuliko siku ya Idi. Kwa kuwa walikuwa wameshakuja na sukari, tulipika chai. Walikunywa, wakampa mama shauri juu ya kupumzika, jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulifanya. Sukari waliyoleta walikataa kurudi nayo.

Lakini habari ya msiba ilikuwa imekwisha kuvuka ukuta, na kutoka Malindi hadi Kilifi habari haihitaji gari. Kabla vikombe havijaoshwa simu ya mama ililia. Alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliyeolewa Kilifi akakaa huko mpaka leo, akilia kwa sauti na kuuliza ni nani katika watu wake. Mama alimtuliza. Akamweleza ukweli wote, na kwa kuwa mama hajui kuficha, akamtajia Bofa.

Kilio kikakatika. Hata mimi niliyekuwa pembeni nilisikia sauti iliyofuata, kavu kama kaa la jana.

"Kwa hiyo wifi yangu unakuja Kilifi, unalala kwa watu."

Na simu ikakatwa.

Mama aliiweka simu juu ya meza taratibu. Sikuhitaji kuelezwa. Kwetu, kulala kwa kulipa katika mji ulio na nyumba ya jamaa yako ni kuwaambia watu kwamba nyumba ile haina mlango. Na mwenye nyumba hii hakuwa jamaa wa mbali. Ndiye aliyempokea mama siku alipoletwa bi arusi, ndiye aliyemshika mkono siku ya kumzika baba.

"Siendi," mama akasema.

Nikajaribu kumwambia tungebadilisha, tungekwenda Watamu. Akatikisa kichwa. Akasema wifi yake akinuna, hata yeye akilazwa juu ya hariri hatapata usingizi. Kisha akainuka kuroweka mbaazi za kesho, na nilimwona anavyoinama, mkono mmoja umeshika kiuno, na nikajua kwamba nisipolitengeneza jambo hili, sentensi ile aliyoniambia juu ya mbuzi hataisema tena maisha yake yote.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Kilifi. Sikwenda mikono mitupu. Nilichukua halwa, ile nyeusi ya lozi aipendayo. Nyumba ya shangazi iko Mnarani, ng'ambo ya daraja, na ukikaa barazani unaiona mikoko na maji ya kijani yanayoingia nchi kavu. Nilimwamkia. Aliitika marahaba bila kuongeza neno, akaipokea halwa kwa ncha za vidole, akanikaribisha sebuleni. Sebuleni, mimi, niliyezoea kuingia kwake kwa mlango wa nyuma na kukaa juu ya kibao cha jikoni.

Akatoa vikombe vya wageni.

Ni vikombe vya kaure, vyenye ukingo wa dhahabu na sahani zake, vinavyokaa kabatini nyuma ya kioo. Nimeviona vikitolewa kwa kadhi, kwa mawakili, na mara moja kwa mwanamume aliyekuja kuposa akakataliwa. Akanimiminia, akanisogezea kisahani cha biskuti, akakaa mbali na kunijulia hali ya safari kama mtu aliyekutana nami kituoni.

"Shangazi, mbona wanitendea hivi?"

"Nimekutendea nini? Wanaolala Bofa ni wageni. Mgeni hunywea hivi." Akakitazama kikombe mkononi mwangu. "Angalia kisivunjike."

Nilikuwa nimejitungia maneno njiani, mazuri, yenye mpangilio. Yote yalinitoka. Nikamweleza tu jinsi mambo yalivyokuwa: mchi niliousikia asubuhi ya pili ya Idi, miguu iliyovimba, na swali nililomuuliza mama alipokuwa akikuna nazi. Nikamwambia alichojibu, neno kwa neno.

Shangazi aliutazama mlango wa jiko lake. Mwisho akauliza, na ukavu wote umetoka katika sauti yake, kwa nini basi asije kulala hapa, akaletewa sahani hapa.

"Hapa ataingia jikoni kabla wewe hujaamka. Wamjua."

"Namjua," akasema. Kicheko kikaanza kumtingisha mabega. "Arusi ya binti yangu tulivutana mwiko, mimi na yeye, mbele ya watu, kama watoto. Nikamwambia, mwanamke we, hili ni jiko langu. Akanambia, ni lako lakini wali unaungua. Na kweli ulikuwa unaungua." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Alipoletwa kwetu hata kukuna nazi hajui. Mimi nimemfunza. Sasa ataka chakula asichokijua. Mjinga yule."

Alilitamka hilo la mwisho kwa mapenzi makubwa. Kisha akaanza kunihoji. Nyumba hiyo ina baraza? Ina. Bahari iko karibu? Mtu akitupa kandambili inaingia majini. Na huyo mpishi ni msafi? Nikamwambia amekusudia kulifunga jiko kwa komeo, na shangazi akaonekana kuridhika. Akaniambia kwamba ameishi Kilifi tangu ujana wake, ameyapita mageti ya Bofa mara zisizo na idadi, na kila akiyapita hujiuliza watu wanafanya nini humo ndani mchana kutwa.

"Vitanda vingapi?"

"Viwili."

"Kimoja cha mama yako. Cha pili cha nani?"

"Changu."

Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye vidole vya miguu, kwa utaratibu, kama mtu anayepima kitambaa.

"Wewe umechoka na nini?"

Nikasema naandika. Akauchukua mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akautazama kiganja na ncha za vidole, akanirudishia.

"Mgeni wangu nitamlaza Bofa," akasema. "Mimi na yeye. Nani atasema wifi yangu amekuja Kilifi akalala kwa watu, na mwenyeji wake yuko kitanda cha pili?"

Nilifungua mdomo. Nakiri kwamba katika muda ule mfupi niliiona baraza yangu ikiniaga, na upepo, na sura nilizokusudia kuziandika huko asubuhi na mapema. Halafu nikaona ni jinsi gani kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake, bila mimi. Fundo lililoishinda simu yangu, wenzangu na akili yangu yote lilikuwa limefunguka kwa kumtoa mtu mmoja tu, na mtu mwenyewe ni mimi. Nikaanza kucheka. Shangazi naye akacheka, akakiondoa kikombe cha dhahabu mbele yangu, akaniita jikoni, akanimiminia chai katika kikombe cha bati kilichopasuka rangi, na halwa tukaila kwa mikono.

Niliporudi Malindi na habari zile, mama alikaa. Alikaa kweli, kitako, bila mchele wala nazi. Alinifanya nirudie maneno ya wifi yake, hasa yale ya ujinga, na kila niliporudia uso wake ulizidi kuwa mdogo kwa umri. Akasema wifi yake akilala hukoroma kama mashine ya kusaga, lakini basi, atavumilia. Kisha mawazo yake yakarudi mlangoni.

"Na watu wangu wa asubuhi?"

Nikamwambia nitakaanga mimi.

"Wamekukosea nini?" akauliza.

Tulianza masomo siku ileile. Naweza kuwaeleza wasomaji wangu hali ya moyo wa binadamu, lakini mahamri yangu ya kwanza yalitoka bapa na magumu, na mama akasema hayo tuyaweke ya kumpigia mwizi. Ya pili yalifura upande mmoja. Alinifundisha kuupiga unga mpaka uache kung'ang'ania, kuuacha uumuke bila kuuchungulia kila mara, na kuyamwagia mahamri mafuta ya moto kwa juu, kidogokidogo, mpaka yavimbe yenyewe. Mkono wake ulikuwa ukija juu ya mkono wangu kila niliposita. Siku ya tatu au ya nne haukuja. Alisimama nyuma yangu, mikono ameifumbata, akiimba kitu kwa pua. Wateja waliletewa ya kwangu bila kuambiwa. Mzee mmoja alirudisha bakuli kuuliza kama mama anaumwa, lakini yule anayegonga kwa ukucha mmoja aliongeza mawili.

Shangazi alikuja kumchukua mwenyewe, kwa gari la mwanawe, akitokea Kilifi hadi Malindi ili warudi tena Kilifi. Nilimwambia kwenye simu kwamba angeweza kumngoja hukohuko Bofa. Akanijibu kwamba mgeni wake haji peke yake kama barua.

Alifika mapema, wakati mafuta yangu yanaanza kupata moto na watu wa mabakuli wameshajipanga barazani. Alisimama kwenye kizingiti cha jikoni, amevaa viatu vipya, mkoba kwapani, akamuuliza mama kama anataka kupumzika au anataka kubembelezwa. Mama akamwambia apunguze sauti, jua bado ni changa. Shangazi akamwambia na yeye apunguze marashi, samaki watakimbia. Akatangulia garini, tukimsikia njiani akiwaamkia wateja mmoja mmoja na kuwatangazia kwamba wifi yake anakwenda kwake.

Nikabaki na mama. Alikuwa amevaa dera la kijani ambalo sikuwahi kuliona, na kwa mara ya kwanza katika jiko lile hakuwa na kitu mkononi. Aliangalia karai. Aliangalia sufuria la mbaazi lililokuwa likichemka polepole, tui likianza kukusanyika juu. Niliona vidole vyake vikitafuta mwiko hewani, kisha vikatulia juu ya dera.

Mimi nilikuwa nimeingiwa na hofu. Watu walikuwa wakingoja, unga ulikuwa mezani, na ghafla sikukumbuka lolote. Nikachota mchuzi wa mbaazi, nikaonja, nikashindwa kujua kama ndivyo.

"Mama, hapa chumvi imetosha?"

Alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka, na uso wake ukafunguka wote kwa kicheko ambacho alijitahidi kukizuia kisisikike nje.

"Muulize mpishi," akasema.

Akatoka, akauvuta mlango wa jiko nyuma yake, ukafungika.